Barua ya wazi: Ondoeni uumbaji kwenye orodha ya "nadharia" za Biolojia

Kwa:
Kamishna wa Elimu, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia
Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Elimu Tanzania
Katibu Mtendaji, Baraza la Mitihani la Tanzania

Nakala: BAKWATA; Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania; Jumuiya ya Kikristo Tanzania

Yah: Ufundishaji wa mageuko ya viumbe na nafasi ya imani ya dini darasani

Waheshimiwa,

Sisi ni walimu wa Biolojia na Historia katika shule za sekondari. Miongoni mwetu wamo Waislamu na Wakristo wa madhehebu mbalimbali. Kichwa cha barua hii kinaweza kumshtua mtu, kwa hiyo tuanze na tunachoomba. Hatuombi imani ya uumbaji ifutwe vichwani mwa watoto. Tunaomba iache kuwekwa kwenye jedwali la nadharia za kisayansi, ikapewa safu ya "hoja" na safu ya "udhaifu", kisha ikatungiwa swali la mtihani. Pale ilipo sasa inaiharibu Biolojia, na dini yenyewe inadhalilika.

Muhtasari uliotumika kwa miaka mingi unaigusa mada hii mara mbili. Kwanza ni Historia ya kidato cha kwanza, kwenye chimbuko la binadamu, halafu ni Biolojia ya kidato cha nne, baada ya jenetiki. Vitabu na nukuu zilizoandikwa kwa muhtasari huo ndizo zilizojaa kabatini na kwenye simu za wanafunzi, na mtaala ulioboreshwa wa 2023 hautazifuta kwa kutangazwa tu. Ukizifungua utakuta orodha ileile: uumbaji maalumu, uhai kuzuka wenyewe kutoka vitu visivyo hai, ulimwengu usio na mwanzo, uhai kuletwa kutoka angani, na mageuko ya kikemia. Zote zinaitwa nadharia, kila moja na namba yake, na mwanafunzi anazikariri kama majina ya mikoa.

Kasoro ya kwanza ni kwamba orodha hiyo imechanganya maswali mawili. Uhai wa kwanza ulitokeaje? Na viumbe hai wamekuwaje wengi na wa namna mbalimbali? Alichokieleza Charles Darwin mwaka 1859 kinahusu swali la pili. Swali la kwanza bado linachunguzwa. Stanley Miller alionyesha mwaka 1953 kwamba gesi sahili zikipigwa cheche za umeme zinaweza kutoa asidi za amino, lakini kutoka hapo hadi seli hai ni mbali, na mtafiti mkweli anakiri hivyo. Swali la pili halina utata wa namna hiyo, kwani ushahidi wake ni mwingi na unaongezeka kila mwaka. Mwalimu anapoyafundisha yote mawili kwa pumzi moja, mwanafunzi anaondoka na hitimisho kwamba kwa kuwa chanzo cha uhai hakijajulikana vizuri, basi na mageuko ni kubahatisha. Kwa jinsi kitabu kilivyopangwa, huwezi kumlaumu.

Kasoro ya pili ni swali la mtihani. Jedwali likiwa na safu ya "udhaifu", mtungaji wa mitihani ya majaribio ataitumia, na maswali ya aina ya "taja udhaifu wa nadharia ya uumbaji" yanazunguka shuleni kila msimu wa mtihani wa utamirifu. Hebu tulitazame swali hilo kwa utulivu. Mtoto wa miaka kumi na saba, katika shule ya umma, anatakiwa aorodheshe mapungufu ya imani yake ili apate alama tatu. Ibara ya 19 ya Katiba inasema kueneza dini ni jambo la hiari ya mtu binafsi, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Serikali isiyotakiwa kufundisha imani haiwezi kuwa na kazi ya kuisahihishia kwa kalamu nyekundu. Tunashangaa viongozi wetu wa dini hawajalalamikia safu hiyo, ilhali neno "Darwin" wanalilalamikia kila mara.

Ya tatu ndiyo inayotuudhi zaidi: dini ipi? Baadhi ya vitabu vya marejeo vya kidato cha tano na sita vinataja chini ya uumbaji maalumu kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Hiyo ni hesabu ya James Ussher, askofu mkuu wa Ireland wa karne ya 17. Mwanafunzi Mwislamu hana tarehe hiyo katika Qurani wala katika mafundisho ya madrasa. Mkatoliki naye haiungami. Papa Pius XII aliandika mwaka 1950 kwamba wataalamu wako huru kuchunguza kama mwili wa binadamu ulitokana na viumbe hai waliotangulia, mradi ishikwe kwamba roho inaumbwa na Mungu moja kwa moja. Tarehe 22 Oktoba 1996 Yohane Paulo II akaiandikia Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba mageuko si dhana ya kubahatisha tu tena. Waadventista Wasabato kwa upande wao wana tamko rasmi, lililofanyiwa marekebisho mwaka 2015, kwamba uumbaji ulifanyika kwa siku sita halisi na si zamani sana. Wanazuoni wa Kiislamu nao hawana kauli moja: wapo wanaoyakataa mageuko yote, wapo wanaoyakubali kwa wanyama na mimea huku wakimtoa Nabii Adamu kama muujiza wa pekee, na wapo wanaoyakubali yote kama namna Mwenyezi Mungu anavyoumba. Kuyakusanya haya kwenye kisanduku kimoja chenye maneno "dini inasema" ni kusema uongo kuhusu dini zote.

Tugeukie Historia, maana kosa la kule linaonekana kwa macho. Picha inayopendwa ni ile ya foleni: nyani kainama, anayefuata kanyanyuka kidogo, mpaka wa mwisho amesimama na mkuki. Mwanafunzi anauliza, "Kama sisi tumetoka kwa nyani, mbona nyani bado wapo?" Kitabu hakina jibu kwa sababu picha ni ya uongo. Sokwe wa Gombe ni binamu zetu wa mbali, si mababu. Sisi na wao tulikuwa na wazazi wa pamoja miaka takriban milioni 6 hadi 7 iliyopita, kisha kila tawi likaenda zake, na nyani wa kawaida walijitenga zamani zaidi ya hapo. Tena foleni inamweka Zinjanthropus, fuvu alilolipata Mary Leakey pale Oldupai tarehe 17 Julai 1959, kama babu wa Homo habilis, spishi nyingine ya binadamu wa kale. Hawezi kuwa babu. Mabaki ya wote wawili yamepatikana Oldupai, katika tabaka za umri unaokaribiana. Waliishi wakati mmoja. Tawi la Zinjanthropus likaja kutoweka bila kuacha kizazi. Kitu tulichokichimba wenyewe, na fuvu lenyewe liko Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, tunakifundisha kinyume.

Umri nao unaharibiwa. Vijana wengi wanaandika kwamba umri wa Zinjanthropus ulipimwa kwa kaboni 14. Haiwezekani. Kaboni 14 hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730, hivyo baada ya miaka kama 50,000 inakuwa imebaki kidogo mno kupimika, na Zinjanthropus ana miaka takriban milioni 1.75. Kilichopimwa ni majivu ya volkano. Ndani ya fuwele za majivu kuna potasiamu 40, ambayo nusu yake hugeuka katika miaka takriban bilioni 1.25, na sehemu ya inayogeuka huwa gesi ya argoni. Mwamba ukiwa umeyeyuka gesi hutoroka, ukiganda inanaswa, na hapo ndipo saa inapoanza kuhesabu. Mfupa wenyewe haupimwi. Hupimwa jivu lililo chini yake na lililo juu yake, na mfupa unawekwa kati ya tarehe hizo mbili. Aya hiyo moja ikiingia kitabuni, swali la "nani alikuwepo akahesabu?" litajibiwa kwa heshima, badala ya mwalimu kumfokea aliyeuliza.

Sasa tuseme tunachotaka kiwepo. Mada hii inafundishika kwa kunde, maharage na mfano wa hapahapa kuliko kwa shingo ya twiga, na mfano wenyewe ni sikoseli na malaria.

Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki. Aliona kwamba karibu na Ziwa Victoria na Pwani, penye malaria nyingi, wabebaji wa jeni ya sikoseli walizidi asilimia 20 katika baadhi ya jamii, ilhali kwenye nyanda za juu walikuwa chini ya asilimia 1. Alichapisha matokeo mwaka 1954. Baadaye watafiti wa Kilifi, Kenya, walipima kinga yenyewe: mtoto mwenye aleli moja ya sikoseli (aleli ni namna mojawapo ya jeni, na mtu hurithi moja kutoka kwa kila mzazi) ana kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Badiliko lenyewe ni la herufi moja tu katika jeni ya hemoglobini. Aliyerithi aleli mbili anaugua, aliyerithi moja analindwa, na asiye nayo hana kinga hiyo.

Zoezi linaendeshwa hivi. Darasa la wanafunzi 60 ligawanywe makundi 10. Kila kundi lipate maharage 100 ya aina moja na ukubwa mmoja, 80 yakiwa matupu (aleli A) na 20 yametiwa alama ya kalamu ya wino (aleli S), ndani ya mfuko wa kitambaa usioonyesha ndani. Kwa darasa zima nusu kilo ya maharage inatosha, pamoja na machache ya akiba yenye alama. Mwanafunzi anachota mawilimawili bila kutazama, na kila jozi ni mtoto mmoja, hivyo kizazi kina watoto 50. Kwa wastani watatoka AA 32, AS 16 na SS 2. Kanuni ya mahali penye malaria ni kuondoa SS wote na AA mmoja katika kila wanne. Yaani AA 8 wanaondoka, wanabaki 24, na AS wanabaki wote 16. Hesabu maharage yaliyobaki: A ni 64, S ni 16, jumla 80. S bado ni asilimia 20. Aleli inayoua inabaki palepale, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu inayowapunguza wenye S mbili ndiyo hiyohiyo inayowalinda wenye moja.

Kisha rudia kwa kanuni ya nyanda za juu pasipo malaria: ondoa SS tu. Kabla ya kila kizazi rudisha mfuko kwenye maharage 100 kwa uwiano uliopatikana. S itashuka kutoka 20 hadi karibu 17, halafu 14, kisha 12 au 13, kisha 11. Chora mistari miwili ubaoni. Hapo uteuzi asilia, yaani mazingira kuamua nani aishi na kuzaa, umeonekana kwa macho, na hakuna aliyeulizwa anasali wapi.

Zoezi hili huharibika kwa njia zinazojulikana. Maharage ya rangi mbili tofauti yakiwa na ukubwa tofauti, vidole vinachagua. Ndiyo maana tunasema aina moja na alama ya wino, tena wino uwe umekauka, la sivyo yananata. Kundi moja pekee litapata namba za ajabu, pengine SS sifuri au SS watano, na wanafunzi watadhani wamekosea. Hawajakosea, watoto 50 ni wachache. Jumlisha makundi yote upate 500, namba zitatulia. Kundi likisahau kurudisha mfuko kwenye 100, kizazi cha tatu kitakwama. Na kipindi kimoja cha dakika 40 hakitoshi. Kinatakiwa kipindi pacha, la sivyo kanuni ya pili inarukwa, na ndiyo yenye somo lote.

Kuna la adabu pia. Katika darasa la 60, hasa Kanda ya Ziwa na Pwani, yawezekana kabisa yupo mwanafunzi mwenye sikoseli. Mwalimu asimuulize mtu hali yake, wala asiseme "hawa wanakufa" huku akiyatupa maharage. Aseme kanuni inaonyesha nyakati zisizo na tiba, na kwamba leo kupima mapema, dawa kama haidroksiyurea na kufuatilia kliniki kunabadilisha maisha ya mgonjwa. Aweke wazi pia kwamba malaria haikuitengeneza aleli ile ili kuwasaidia watu. Badiliko lilitokea lenyewe, malaria ikalipa nafasi ya kuenea. Hapa ndipo wengi hupoteza alama, kwa sababu mtaani tunasema "wadudu wameizoea dawa", kama vile kimelea kimoja kimejifunza. Hakuna kilichojifunza. Waliokuwa na badiliko walipona dawa, wenzao wakafa, na watoto wa waliopona ndio tunaopambana nao.

Dawa zenyewe zinatosha kuonyesha kwa nini hili si suala la mtihani tu. Klorokwini iliondolewa Tanzania mwaka 2001, SP (salfadoksini na pirimethamini) ikafuata kuwa tiba ya kwanza, nayo ikaishiwa nguvu na dawa mseto ya ALu ikachukua nafasi kuanzia 2006. Miaka ya karibuni vimelea vyenye badiliko linalopunguza makali ya artemisinini, kundi la dawa lililomo ndani ya ALu, vimethibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Mbu nao wanastahimili viuatilifu vya vyandarua. Muuguzi na mganga wa zahanati wa kesho wako kidato cha nne leo. Akiondoka na imani kwamba mageuko ni maneno ya Wazungu yaliyoko kitabuni tu, mgonjwa akimuuliza kwa nini amalize dozi hatakuwa na la kumwambia zaidi ya "ndiyo maelekezo".

Mifano mingine tutaitaja kwa haraka. Furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ni spishi takriban 500, ilhali ziwa lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita, kwa hiyo wamegawanyika kwa muda ambao kijiolojia ni kufumba na kufumbua. Uwezo wa watu wazima kumeng'enya maziwa mabichi ulichunguzwa kwa jamii za Tanzania, Kenya na Sudan, na mwaka 2007 ikachapishwa kwamba wafugaji wa huku wana mabadiliko ya jeni tofauti na lile la Ulaya: ng'ombe wamoja, njia mbili. Tembo jike wasio na pembe katika hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji, waliongezeka kutoka asilimia 18.5 hadi 51 kwa sababu ya ujangili wa wakati wa vita vya 1977 hadi 1992. Vyote hivi ni vya ukanda wetu. Kwa nini kitabu cha mtoto wa Sengerema kifungue na nondo (mdudu afananaye na kipepeo) wa Uingereza, sisi hatujui.

Mwalimu naye anahitaji kusaidiwa, kwa sababu darasani kuna makosa mawili yanayopingana. Kuna anayesema, "Hii andikeni kwa ajili ya mtihani, msiiamini," na hapo anafundisha unafiki pamoja na Biolojia mbovu. Kuna mwingine anayecheka mtoto akitaja Adamu na Hawa. Huyo wa pili anajiona msomi, lakini amevuka mpaka wa sayansi yake, kwa sababu hakuna chombo cha maabara kinachopima kama Mungu yupo au alikusudia nini. Mwongozo wa mwalimu unatakiwa umpe mambo ya kufanya swali la imani linapokuja. Alipokee bila kejeli. Aeleze kwamba Biolojia inashughulika na yanayopimika, na kwamba mtihani unapima kama mwanafunzi ameuelewa ushahidi, si anachokiamini. Kisha swali la kwa nini tupo alielekeze kwa mwalimu wa dini, ambaye ana somo na mtihani wake: Elimu ya Dini ya Kiislamu na Maarifa ya Biblia ni masomo yanayotahiniwa na Baraza hilihili. Mahali pake papo. Hapajatumika tu.

Na kama kuna haja ya kuonyesha kwamba dini na sayansi vimewahi kukaa nyumba moja, mfano uko katika sura za nyuma za kitabu hichohicho. Gregor Mendel, anayefundishwa kwenye jenetiki, alikuwa mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino mjini Brno. Alilima na kuchambua mimea ya njegere takriban 28,000 katika bustani ya monasteri na kuchapisha mwaka 1866. Vitabu vingi vinamtaja bila kanzu yake. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa waliounganisha jenetiki na uteuzi asilia katika karne ya 20, alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi. Upande wa Kiislamu tahadhari inahitajika. Siku hizi zinasambaa posti zinazodai al-Jahiz wa Basra aligundua uteuzi asilia karne ya 9. Aliandika mengi mazuri kuhusu wanyama, mapambano yao na mazingira yao, lakini kumfanya Darwin wa kabla ya Darwin ni kumtwisha asichokisema. Asifundishwe hivyo.

Wapo watakaosema dawa ni kuzipa pande zote mbili vipindi sawa ndani ya Biolojia. Njia hiyo imejaribiwa Marekani. Bodi ya shule ya Dover, Pennsylvania, iliamuru wanafunzi wasomewe tamko la kuwaelekeza kwenye "usanifu wenye akili" kama mbadala wa mageuko. Wazazi wakashtaki, na tarehe 20 Desemba 2005 Jaji John E. Jones akaamua kwamba ule ulikuwa ni mafundisho ya dini yaliyovishwa joho la sayansi. Wilaya ile ya shule ikalipa zaidi ya dola milioni moja za gharama za mawakili. Uturuki nayo ilikwenda upande wa pili mwaka 2017, ikaitoa sura ya mageuko kwenye Biolojia ya sekondari. Hatuitaki hiyo wala ile. Kenya ilipita jaribio dogo zaidi pale baadhi ya viongozi wa makanisa walipotaka mwaka 2006 mifupa ya kijana wa Turkana, binadamu wa kale, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, isipewe nafasi ya mbele katika makumbusho ya Nairobi. Mifupa ikawekwa, na makanisa ya Nairobi hayajafungwa.

Kwa hiyo, Taasisi ya Elimu: katika toleo lijalo la kitabu cha Biolojia, ondoeni jedwali la nadharia tano. Chanzo cha uhai kiwe ukurasa mmoja unaosema kinachojulikana na kisichojulikana, na mageuko yaanze sura yake yenyewe kwa ushahidi. Mahali pa uumbaji pawe na sentensi mbili tu: kwamba dini zina mafundisho kuhusu asili na maana ya maisha, na kwamba mafundisho hayo yanasomwa katika somo la dini. Pasiwe na safu ya udhaifu. Picha ya foleni itolewe, uwekwe mti wenye matawi ambao Zinjanthropus yuko kwenye tawi lililokatika. Maandalio ya somo yaruhusu kipindi pacha angalau mara moja katika mada hii, na wakuu wa shule waelezwe sababu, maana ratiba ndiyo inayoua mazoezi mengi kabla hayajaanza.

Baraza la Mitihani: swali zuri la mada hii ni jedwali la asilimia za wabebaji wa sikoseli katika maeneo manne yenye viwango tofauti vya malaria, na mtahiniwa aeleze mpangilio huo na kutabiri nini kitatokea malaria ikitokomezwa. Mwongozo wa usahihishaji uwe wazi pia kwa wasahihishaji wa pande zote. Mtahiniwa anayeanza kwa "mimi naamini Mungu aliumba viumbe vyote, ila ushahidi unaonyesha..." kisha akaeleza sawasawa, apate alama zote. Asiyeeleza ushahidi, akaandika imani yake tu au dharau yake kwa imani za wengine tu, asipate.

Kwa viongozi wa dini tuliowapa nakala, tunalo ombi moja. Maswali haya yatawafikia ninyi kabla ya sisi, kwenye madrasa na kipaimara. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika Kaskazini, aliwaonya Wakristo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita wasiseme mambo ya ovyo kuhusu nyota na wanyama mbele ya watu wanaoyajua, wakadai ndivyo Maandiko yasemavyo, kwa sababu msikilizaji ataitupa na habari ya wokovu. Tunaomba muwaandalie walimu wenu wa dini kurasa chache zinazosema msimamo wenu ni upi hasa, kwa maneno yenu, ili mwalimu wa Biolojia asilazimike kuwasemea. Pale Laetoli, baada ya nyayo za binadamu wa kale za miaka milioni 3.66 kufukiwa tena miaka ya 1990 ili zisiharibike, kiongozi wa dini wa Kimaasai aliongoza ibada ya kulibariki eneo. Hakutakiwa kwanza kusaini umri wa majivu, na wahifadhi hawakumkatalia sala.

Tunaambatanisha andalio la somo la kipindi pacha cha maharage, jedwali tupu la kujazia vizazi vinne, na maswali matano ya mfano yenye mwongozo wa usahihishaji. Tuko tayari kuja kuyajaribu mbele yenu na wawakilishi wa taasisi za dini, siku mtakayopanga. Maharage tutakuja nayo.

Wasalaam,

Walimu wa Biolojia na Historia, shule za sekondari